Sensa za taa za nje zitoke kwenye breka moja

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuseme na wenye nyumba, pamoja na mafundi wenzetu, kuhusu kazi inayoagizwa sana siku hizi: taa za nje zinazowaka zenyewe mtu akipita, kwa msaada wa sensa, yaani kifaa kinachohisi mtu. Sensa moja na taa moja haisumbui, hata fundi anayeanza anaiweza. Shida inaanza pale mwenye nyumba anapotaka taa zote za kuzunguka nyumba ziwake kwa pamoja, iwe mtu ameingia getini, anapita ujia wa upande wa jikoni au ameruka ukuta wa nyuma. Kazi hiyo inadai sensa tatu au nne ziendeshe kundi moja la taa, na huko ndiko tunakokuta taa zinazowaka usiku kucha, taa zinazozimika mtu akiwa katikati ya ua, breka inayoanguka kila mara, na safari nyingine sensa iliyoungua hadi ukuta ukawa mweusi. Mara nyingi sensa yenyewe haikuwa mbovu. Kilichokosewa ni namna ya kuiunga, na baadhi ya makosa hayo yanaua.

Sensa ya kawaida ya ukutani ina nyaya tatu au vituo vitatu vya skrubu. L inaingiza laivu (waya unaoleta umeme), N inaingiza nyutro (waya unaourudisha), na cha tatu, ambacho huandikwa A au L yenye kistari, kinatoa laivu kwenda kwenye taa. Nyingi huja na waya wa kahawia, wa bluu na mwekundu kwa mpangilio huo, lakini soma maandishi ya sensa uliyonayo mkononi kabla ya kuamini rangi. Ndani kuna rilei ndogo, yaani swichi inayoendeshwa na umeme. Sensa ikihisi mtu, rilei inafunga, utasikia mlio wake, na laivu inavuka kwenda kwenye waya wa kutolea. Nyutro ya taa haipiti kwenye rilei; inakwenda taani moja kwa moja.

Kwa sensa nyingi, kila moja ipewe laivu ya kudumu na nyutro ya kudumu, kisha nyaya za kutolea za sensa zote ziunganishwe pamoja na ziende kwenye taa zote. Sensa yoyote itakayofunga, taa zote zinawaka. Sisi hurahisisha kazi kwa kuzungusha nyaya nne kwenye bomba la PVC la milimita 20 kuizunguka nyumba: laivu, nyutro, waya wa kurudi (ule unaounganisha nyaya za kutolea za sensa zote na kuzipeleka taani) na ethi (waya wa ardhini). Penye sensa tunaweka boksi la kuungia na kuchukua laivu, nyutro na waya wa kurudi. Penye taa tunachukua waya wa kurudi, nyutro na ethi. Hivyo sensa au taa inaweza kuongezwa popote baadaye bila kuvuta waya mpya kutoka ndani. Waya wa milimita za mraba 1.5 unatosha, chini ya breka ya ampea 6 au 10 ambayo haina kazi nyingine. Waya wa kurudi uwe na rangi yake, mfano mweupe, na usiwe kamwe ule wa kijani na njano, maana atakayekuja kufungua boksi hilo baada ya miaka mitano ataushika akiamini ni ethi.

Wapo wanaounga kwa kufuatana: waya wa kutolea wa sensa ya kwanza wanaupeleka kuwa laivu ya sensa ya pili. Hapo sensa ya pili haina umeme mpaka ya kwanza ihisi mtu, na ikishapata inahitaji karibu nusu dakika ya kujiandaa. Mwizi akipita upande wa sensa ya pili peke yake, hakuna kitakachowaka. Kosa hili halichomi kitu, linampa tu mwenye nyumba ulinzi ambao haupo.

Kosa linalotutia hofu ni kuchukua laivu mahali popote palipo karibu. Sensa ya mbele inachukua kwenye taa ya baraza, ya nyuma inachukua kwenye taa ya jikoni, halafu nyaya za kutolea zinaungwa pamoja. Katika nyumba yenye umeme wa fezi tatu, yaani laivu tatu tofauti, baraza inaweza kuwa fezi moja na jiko fezi nyingine. Kazi itajaribiwa na itaonekana safi, kwa sababu anayejaribu anapita mbele ya sensa moja kwa wakati. Siku watu wawili watakapopita pande mbili kwa pamoja, rilei mbili zitafunga na fezi mbili zitagusana kupitia waya wa kurudi. Kati ya fezi na fezi kuna volti 400, na kinachosimama katikati ni vipande viwili vya metali ndani ya rilei vyenye ukubwa wa punje ya mtama. Ndiyo maana sensa inalipuka miezi miwili baada ya fundi kulipwa, na kila mtu anailaumu bidhaa.

Hata kama nyumba nzima ni fezi moja, breka mbili tofauti bado ni hatari. Fundi anazima breka ya taa za nje, anapima boksi, anaona hakuna umeme, anaanza kazi. Dakika hiyo hiyo mtoto anapita mbele ya sensa inayolishwa na breka ya pili, na waya wa kurudi ulio mkononi mwa fundi unapata volti 230. Nyumba za wapangaji zenye mita mbili za LUKU zina hatari hiyo hiyo, tena na nyutro mbili zilizochanganyika. Kwa hiyo laivu zote na nyutro zote za sensa na taa zitoke kwenye breka moja, na breka hiyo iandikwe kwa kalamu isiyofutika: TAA ZA NJE NA SENSA. Anayerithi kazi ya mtu mwingine aweke maltimita kati ya laivu ya sensa moja na laivu ya nyingine. Ikisoma karibu na 400, azime kila kitu kabla ya kugusa jambo lingine. Ikisoma sifuri, hiyo inaonyesha tu kwamba fezi ni moja. Bado afuatilie breka.

Kosa la tatu ni kutumia ethi kama nyutro, na chanzo chake kinaeleweka. Kwenye boksi la swichi ya zamani mara nyingi kuna laivu na waya unaokwenda taani tu, nyutro haijafika hapo. Fundi aliyekuja kuweka sensa anakuta ethi iko karibu, anaiunga kwenye N, sensa inafanya kazi. Sasa tazama kinachotokea ndani. Sensa nyingi za bei nafuu hazina transfoma. Zinashusha umeme kwa kapasita. Kapasita ya maikrofaradi 0.33 kwenye volti 230 hupitisha karibu miliampea 24, na hizo zote zinakwenda kwenye ethi. RCCB (kifaa kinachokata umeme unapovujia ardhini) ya miliampea 30 inaruhusiwa kuanguka popote kati ya 15 na 30, hivyo sensa moja inaweza kuvumiliwa. Ukiongeza ya pili unafika 48, RCCB inaanguka, na fundi anasema sensa mpya ni mbovu. Wapo wanaomaliza ugomvi huo kwa kuiondoa RCCB. Mahali ambapo haipo kabisa, na fimbo ya ethi imelika kwa chumvi kama ilivyo kawaida huku pwani, umeme unaokosa njia ya ardhini unapanda kwenye kila chuma kilichofungwa ethi: ganda la friji, hita ya maji ya kuogea, fremu ya taa. Sensa ya bei ndogo inaweza kumpiga mtu shoti bafuni. Kama nyutro haipo kwenye boksi, ivutwe nyutro, hata kama ni kuchimba ukuta upya.

Kuna sensa za nyaya mbili zinazouzwa kama tiba ya tatizo hilo, zinafungwa mahali pa swichi bila nyutro. Kwa taa moja ya wastani zinaweza kukubali. Kwa kazi ya sensa nyingi ziacheni. Sensa ya aina hiyo inajilisha kwa umeme uliopo kati ya waya wake wa kuingia na wa kutoka. Mwenzake akiwasha taa, umeme huo unatoweka na yenyewe inakufa njaa. Pia taa za LED hubaki zikitoa mwanga hafifu usiku kucha kwa sababu ya umeme mdogo unaopenya.

Tuje kwenye taa zinazozimika mtu angali uani, malalamiko tunayoyapata kuliko yote. Sensa ina kitufe cha LUX cha kuchagua ifanye kazi kwenye mwanga kiasi gani, kutoka alama ya mwezi hadi alama ya jua. Fundi anaweka zote kwenye mwezi ili zisiwake mchana, jambo linaloonekana la busara. Lakini angalia mtu anayetoka getini kwenda nyuma. Sensa ya geti imewasha taa zote. Anapofika eneo la sensa ya nyuma, sensa hiyo inaona ua umejaa mwanga, inadhani ni mchana, haifungi rilei yake. Muda wa sensa ya geti unaisha, taa zinazimika, mtu yuko gizani. Giza linapotulia sensa ya nyuma inamwona na taa zinawaka tena. Kwa aliyesimama ndani akichungulia dirishani ni kama taa zina kichaa.

Dawa yake ni kuziondolea sensa kazi ya kupima mwanga. Geuza LUX ya kila sensa hadi kwenye jua, kisha weka fotoseli (swichi inayohisi mwanga wa mchana) moja ya ampea 10 kwenye laivu inayotoka kwenye breka, kabla ya sensa ya kwanza. Mchana fotoseli inakata na sensa zote zinalala. Jua likizama inapitisha umeme, sensa zinaamka, taa zinawaka kwa nusu dakika hadi dakika moja wakati zinajiandaa, kisha zinazimika na ulinzi unaanza. Mwambieni mwenye nyumba mapema kuhusu dakika hiyo ya jioni, na kwamba itajirudia kila umeme ukikatika usiku na kurudi. Fotoseli ifungwe mahali isipoona taa zenu wala taa ya barabarani, kwa mfano juu ya ukuta upande wa magharibi ikitazama mbinguni. Ikiona taa zenu zenyewe, itazima kila zinapowaka.

TIME ya sensa zote, yaani kitufe cha muda wa taa kukaa zikiwaka, iwe sawa, dakika mbili au tatu. Taa huzimika pale sensa ya mwisho inapoachia, kwa hiyo moja ikiachwa kwenye dakika kumi, kundi zima litaonekana halina mpangilio.

Kuhusu mzigo, kuna hesabu potofu inayosambaa: sensa moja inabeba wati 300 za LED, basi tatu zinabeba 900. Hapana. Sensa zilizoungwa hivi hazigawani mzigo. Ya kwanza kufunga inabeba taa zote peke yake, kwa hiyo kila sensa lazima iweze kundi zima. Tena namba kubwa iliyochapwa kwenye boksi, mara nyingi wati 1,200, ni ya balbu za zamani za waya wa moto. Ya LED ni ndogo, 300 au pungufu. LED ina kapasita ndani ya draiva yake inayovuta umeme mkubwa sana kwa kitambo kifupi kila inapowashwa, na mshtuko huo ndio unaochomelea vidole vya rilei vikashikana. Dalili yake ni hii: taa haizimiki, ukigonga sensa kwa mpini wa bisibisi inazimika, kesho inashika tena. Ukiifungua utaona vidole hivyo vina vishimo vyeusi na ncha moja imenata kwa nyingine. Sensa iliyofika hapo itupwe.

Taa 4 za wati 20 ni wati 80, sensa itazibeba bila shida. Ukifika taa 6 za wati 50 umegusa ukomo, na hapo weka kontakta (swichi kubwa inayoendeshwa na umeme) ya ampea 20 yenye koili ya volti 230 ndani ya kisanduku cha breka. Waya wa kurudi wa sensa unakwenda kwenye koili, A1, nyutro kwenye A2, na mzigo wa taa unapita kwenye kontakta. Kontakta nayo ina adabu yake: koili inapoachia hutoa cheche inayokula rilei ya sensa na wakati mwingine kuifanya sensa ijiwashe tena yenyewe, taa zikawa zinapepesa bila mwisho. Funga sambamba na koili rezista ya omu 100 iliyofuatana na kapasita ya maikrofaradi 0.1 ya volti 275 aina ya X2. Vipo pia vilivyotengenezwa tayari pamoja. Kama taa za mbele na za nyuma ni lazima zibaki kwenye breka mbili, ni kontakta yenye njia mbili zilizotengana ndiyo itakayoziwasha pamoja, kila breka ikipita njia yake. Sensa zote zinabaki upande wa koili tu. Na breka zote mbili zizimwe kabla ya kufungua kisanduku.

Mahali pa kufunga panaharibu kazi nyingi nzuri. Urefu ni mita 2 hadi 2.5 kutoka chini. Sensa hizi huona tofauti kati ya joto la mwili na joto la mazingira, na mita 12 zinazoandikwa kwenye boksi zimepimwa kwenye hewa isiyozidi nyuzi 24 au 25. Usiku wa Tanga au Dar es Salaam wakati wa Januari uko juu ya hapo, na ukuta uliopigwa na jua kutwa bado unatoa joto saa tatu usiku. Pangeni kwa mita 7 au 8, na maeneo ya sensa mbili jirani yapishane kwa mita moja au mbili. Sensa humwona vizuri anayekatiza mbele yake, na huchelewa kumwona anayeijia moja kwa moja. Kwa hiyo sensa ya geti isitazamane na geti. Iwekwe kwenye ukuta wa pembeni ili anayeingia akatize. Isielekezwe kwenye kipoza hewa, migomba, kamba ya kuanikia nguo wala barabara. Penye mbwa, bandika tepu kwenye sehemu ya chini ya lenzi.

Kwa kuwa sensa moja yenye wenge, inayojiwasha bila mtu kupita, inawasha taa zote, msitafute kwa kubahatisha. Zima breka, chomoa waya wa kurudi wa sensa moja kwenye boksi lake, ufunike kwa konekta, washa, subiri usiku mmoja. Wenge likibaki, hamia inayofuata. Mara nyingi utakuta utando wa buibui mbele ya lenzi, au sisimizi waliohamia ndani pamoja na mchanga wao. Tundu la waya lizibwe kwa silikoni, waya uingie kutokea chini, na kitundu cha kutolea maji kilicho chini ya sensa kisizibwe.

Wenye inverta wajue pia kwamba ile ya bei nafuu, isiyotoa mawimbi laini kama ya TANESCO, huipasha moto kapasita tuliyoitaja, na sensa hufa mapema. Dalili ya kapasita iliyochoka ni kitaa chekundu kinachomweka mtu akipita lakini rilei haitoi mlio. Bodi yote ya sensa hiyo iko hai kwenye volti 230, asiifungue mtu kabla ya kuzima breka.

Swichi ya kuwasha taa kwa mkono iungwe kati ya laivu ya baada ya breka na waya wa kurudi, ili usiku wa shughuli taa zikae zikiwaka na sensa ziendelee bila kudhurika. Laivu hiyo nayo ni ya breka ile ile. Kwenda getini, waya wa kawaida usizikwe mchangani. Tumieni kebo yenye ngao ya chuma, sentimita 50 chini, na ngao yake ifungwe ethi.

Kabla ya kuunganisha nyaya za kurudi, jaribuni kila sensa peke yake: fotoseli ifunikwe kwa kitambaa cheusi, TIME iwe ya chini kabisa, taa moja tu. Subirini ijiandae, tokeni kwenye eneo lake, kisha katizeni. Zikifanya kazi zote moja moja, ndipo ziungwe.

Faida ya kazi hii inapimika. Taa 4 za wati 20 zikiwaka saa 12 kila usiku hula karibu uniti 29 kwa mwezi. Kwa mteja wa D1, kundi la TANESCO la watumiaji wadogo, ambaye bei yake nafuu inaishia uniti 75 kwa mwezi, hiyo ni zaidi ya theluthi ya mgao wake wote. Sensa tatu zenyewe hula karibu nusu wati kila moja.

Tunawaomba waagizaji na wenye maduka ya vifaa vya umeme waweke ndani ya kila boksi karatasi ya Kiswahili yenye mchoro wa sensa moja na mchoro wa sensa tatu, na nje ya boksi waandike mzigo wa LED kwa herufi kubwa kama wanavyoandika ule wa balbu. Na mwenye nyumba anayechukua fundi mwenye leseni ya EWURA ana haki ya kuonyeshwa, kabla ya kulipa, breka moja ikizimwa na kila sensa na kila taa ya nje ikikosa umeme.

Sisi mafundi umeme wa majumbani,
Tanga